Habu ya nyuma inalegea kila baada ya siku chache: kosa liko wapi?

Mkulima wa Kilombero

Ndugu zangu, ninawasalimu wote. Ninaishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ifakara mjini, na baiskeli ndiyo inayofanya kazi zote za nyumbani kwangu: kwenda shamba, kupeleka gunia la mpunga mashineni, kuteka maji kwa madumu manne, na mara kwa mara kumpeleka mama zahanati. Ni ile baiskeli nyeusi ya kawaida ya ringi 28, yenye breki za vyuma na keria pana ya nyuma ambayo niliiongezea nondo.

Tangu katikati ya masika, gurudumu la nyuma linacheza. Nikisimamisha baiskeli kwenye stendi, nikashika ringi karibu na fremu na kuisukuma kushoto na kulia, inasogea kama unene wa kalamu, na ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, nasikia mlio wa kugonga. Nikiwa na mzigo, kwenye kona baiskeli hukata kiuno nyuma yangu kana kwamba tairi limekwisha upepo, na ringi imeanza kugusa mpira wa breki upande mmoja.

Nimekwenda kwa fundi mara tatu. Mara zote hakufungua gurudumu. Alilegeza nati kubwa ya nje, akaikaza koni, ile nati ya ndani inayobana gololi, kwa tindo na nyundo, akarudisha nati, akaniruhusu niende. Mara ya kwanza ilikaa siku nne, mara ya pili siku tatu. Mara ya tatu aliikaza mno hata gurudumu likawa zito kulizungusha kwa mkono; siku ya pili nikiwa njiani nilisikia kitu kinasagika ndani kama mchanga kwenye meno, na kufikia jioni lilikuwa limelegea kuliko mwanzo. Sasa ananiambia kuwa habu imekufa, ninunue mpya na nilipie kusuka spoki zote upya.

Kabla sijatoa fedha hizo, naomba kuelewa: kwa nini habu inalegea ilhali imekazwa kwa nguvu zote? Nitajuaje kama kweli imekufa? Na kama bado inafaa, nifanye nini isirudie tena, kwa kuwa mavuno yanakaribia na sina njia nyingine ya kuutoa mpunga shambani? Nina spana za namba 15 na 17, koleo, na subira ya kujifunza.

Fundi wa Ringi, Tabora

Ndugu mkulima, pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza kwa utaratibu, maana maelezo yako yenyewe yamekwisha kutoa nusu ya jibu. Nimetengeneza baiskeli kwa miaka 22, na kosa hilo nimelikuta kwenye magurudumu mengi mno: koni imekazwa, lakini haikufungwa. Kukaza na kufunga ni mambo mawili tofauti.

Ndani ya habu mna ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu, iliyochongwa mistari ya nati. Koni huzunguka juu ya mistari hiyo, na gololi hukaa kati ya koni na bakuli la habu. Koni ikiingia ndani, gololi hubanwa. Ikitoka nje, hulegea. Kinachoizuia koni isitoke ni loknati, ile nati nyembamba iliyo nyuma yake, ikiwa na washa, yaani pete bapa ya chuma, katikati yake na koni. Loknati inapokazwa kuelekea koni, huku koni imeshikwa kwa spana ya pili isizunguke, vyuma hivyo viwili husukumana juu ya mistari ya ekseli hadi vikang'ang'aniana, na hapo ndipo koni inapofungwa. Ukiigonga koni peke yake kwa tindo, umeisogeza tu; hakuna kilichoishika, na mitikisiko ya barabara itairudisha nje kidogo kidogo. Nati kubwa ya nje kazi yake ni kuishika ekseli kwenye fremu, kwa hiyo usiitegemee kwa hili. Na ile mara ya tatu, alipokaza hadi gurudumu likawa zito, gololi zilibanwa kupita kiasi. Mlio wa mchanga uliousikia huenda ni gololi zilizopasuka, au ngozi ngumu ya koni iliyoanza kubanduka.

Kabla ya kufungua, hakikisha kwamba ulegevu uko kwenye habu kweli. Kaza nati mbili kubwa, kisha mwombe mtu aitikise ringi huku wewe umeweka kidole penye ekseli. Ikiwa ekseli imetulia na habu inacheza juu yake, basi tumelipata. Friwili, yaani gia ya nyuma inayoshika cheni, kuyumba kidogo linapozunguka peke yake ni jambo la kawaida, na watu wengi hulikosea wakidhani ni habu.

Sasa fungua. Tandika kanga kuukuu au sinia chini, kwa sababu gololi zikidondoka kwenye udongo umepoteza siku. Toa gurudumu, kisha uanze upande wa kushoto, yaani ule usio na friwili: toa nati kubwa na washa zake, shika koni, legeza loknati, itoe, halafu izungushe koni hadi itoke. Vuta ekseli polepole kuelekea upande wa friwili, ukiwa umelilaza gurudumu juu ya kanga. Pokea gololi za kila upande kwa chombo chake na uzihesabu. Habu ya nyuma ya baiskeli yako kwa kawaida hubeba gololi tisa za robo inchi kila upande. Ukizikuta pungufu, au zina vipande, umeshajua mlio ulitoka wapi.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ufute hadi kikauke, halafu utoke nje penye jua uangalie koni. Koni nzima ina mstari mmoja unaong'aa, laini, uliozunguka sawasawa pale gololi zinapopita. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake na haitakwama popote. Koni iliyokufa ina vishimo mfano wa makovu ya ndui, na kalamu hukwama ndani yake. Koni ya namna hiyo haitengenezeki: ukiiweka sawa penye laini itabana penye kovu, na ukiiachia penye kovu italegea penye laini. Itupe. Gololi nazo ubadilishe zote, usichanganye mpya na kuukuu hata kama za zamani zinang'aa, kwa kuwa gololi mpya ni kubwa kwa unene wa unywele kuliko zilizolika, na hizo chache zitabeba mzigo wote hadi zipasuke.

Baada ya koni, angalia mabakuli ndani ya habu kwa njia ile ile ya kalamu. Hapa ndipo panapoamua kama habu imekufa. Bakuli likiwa laini, habu yako ni nzima na huna sababu ya kusuka spoki 40 upya. Likiwa na vishimo virefu, au limepasuka ukingoni, basi fundi wako atakuwa amesema kweli, ingawa kwa uzoefu wangu koni hufa kwanza mara nyingi, kwani ndiyo ndogo.

Wakati wa kurudisha, jaza grisi mabakuli yote mawili, panga gololi moja moja ndani ya grisi ili zigande, ukiacha uwazi mdogo kati yao ili zisisuguane zikabanana. Rudisha ekseli, zungusha koni ya kushoto kwa vidole tu hadi iguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo, pungufu ya robo mzunguko. Weka washa, lete loknati, shika koni kwa spana nyembamba isiende popote, na ukaze loknati kwa nguvu ya mkono mzima. Utagundua kwamba loknati inapobana huisukuma koni ndani kidogo. Ndiyo maana tuliacha ule ulegevu mdogo tangu mwanzo. Hutapata kipimo kwa mara ya kwanza. Hata mimi hurudia mara mbili au tatu, na sioni aibu.

Ukiikuta imebana kidogo tu baada ya kufunga, usifungue upya. Weka spana moja kwenye koni ya kushoto na nyingine kwenye koni ya kulia, kisha uzigeuze zote mbili kuelekea nje, kila moja ikisukuma loknati yake. Habu italegea kwa kiasi kidogo sana, na kufunga kutazidi kuwa imara.

Kipimo cha mwisho ni hiki: rudisha gurudumu kwenye fremu, kaza nati kubwa, toa cheni, na ulizungushe taratibu kwa kidole. Likiwa sawa, litapunguza mwendo, litasimama, litarudi nyuma kidogo, litakwenda mbele tena, likibembea kama pembea ya mtoto hadi sehemu yake nzito itulie chini. Likisimama ghafla, limebana. Ukishika ringi na kusikia mlio wa kugonga, limelegea.

Spana zako mbili ni nene. Hazitaingia kati ya loknati na habu. Kama duka la vipuri halina spana nyembamba, nunua spana ya bei nafuu ya kipimo cha koni yako na umwombe mtu mwenye jiwe la kunolea aipunguze unene hadi ilingane na unene wa koni. Mimi ninazo tatu za namna hiyo na zimekaa miaka mingi. Tindo usiiruhusu tena kuikaribia habu yako.

Msafiri wa Busia

Ndugu yangu wa Ifakara, nimesoma maelezo ya fundi wa Tabora na ninakubaliana naye. Mimi niko Busia upande wa Kenya, na nilibeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka kabla pikipiki hazijachukua kazi yetu, kwa hiyo nitaongeza yale niliyojifunza kwa kubeba watu na magunia.

Jambo la kwanza ni maji. Umesema tatizo lilianza katikati ya masika, na sidhani kama ni bahati mbaya tu. Gurudumu likizama hadi kwenye ekseli, maji ya matope huingia ndani ya habu, grisi hugeuka kama uji wa maziwa, na mchanga mwembamba unaokuja na maji hayo husaga koni usiku na mchana. Sisi tulikuwa na desturi kwamba yeyote aliyevuka maji yenye kina hicho hufungua habu wiki hiyo hiyo. Ukiosha baiskeli, usielekeze maji ya nguvu kwenye habu wala kwenye krenki, yaani pale pedali zinapozungukia. Osha kwa kitambaa kilicholowa.

Jambo la pili ni mafuta. Habu nyingi za zamani zina tundu dogo katikati lililofunikwa kwa kibati kinachozunguka. Tulikuwa tukitia humo mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, matone machache kila Jumamosi, na habu zilidumu.

Jambo la tatu ni mzigo wenyewe. Ukifunga gunia nyuma kabisa ya keria, kila shimo la barabarani linaigonga ekseli kama nyundo. Lisogeze mbele likaribie kiti. Maji yawe madumu mawili kila upande, yaning'inie chini, uzito ulingane. Na ukifika penye shimo usilolikwepa, shuka usukume. Abiria wangu walizoea kushuka pamoja nami.

Mwalimu wa Karakana

Nawashukuru waliotangulia. Ninafundisha vijana ufundi wa mitambo, na ningependa kueleza sababu mbili ambazo hazijaguswa, kwani mtu akizijua hatalazimika kukariri hatua.

Ya kwanza ni kuhusu upande. Gurudumu linapokwenda mbele, gololi huzivuta koni kidogo zifuate mzunguko wake. Ukilitazama gurudumu kutoka kulia, linazunguka kama mishale ya saa. Ukilitazama kutoka kushoto, linazunguka kinyume chake. Kwa kuwa nati za ekseli hukazwa kwa kufuata mishale ya saa pande zote mbili, koni ya kulia ambayo haikufungwa huelekea kujikaza, na ya kushoto huelekea kufunguka. Kwa sababu hiyo koni ya kulia ifungwe imara kwa loknati yake na isiguswe tena, na marekebisho yote yafanyike kushoto, ambako koni ikiponyoka gurudumu litalegea na kukupa ishara. Koni ya kulia ikijikaza, gurudumu linaweza kubana ukiwa kwenye mwendo, na hilo ni hatari zaidi kuliko kulegea. Gurudumu la nyuma halina utata kwa kuwa friwili liko kulia, lakini la mbele watu huligeuza wakati wa kuziba pancha bila kujua. Ukiona koni ya kurekebishia ya gurudumu la mbele iko kulia, ligeuze.

Ya pili ni ekseli kupinda. Katika habu ya nyuma inayosokotewa friwili, gololi za kulia hazikai karibu na fremu. Zimesukumwa ndani na unene wa friwili, hivyo kipande kirefu cha ekseli hubaki kikiwa hakina kinachokishikilia kati ya koni na fremu. Mzigo hukipinda kila siku, hadi ekseli ihifadhi pindo hilo au ikatike, mara nyingi karibu na koni ya kulia. Ekseli iliyopinda huzifanya koni zikae mshazari, nawe utakuta kwamba ukizungusha gurudumu linabana sehemu moja na kulegea sehemu nyingine, na hakuna marekebisho yatakayoondoa hali hiyo. Ndugu mkulima, utakapoitoa ekseli, ivue koni zote na uiviringishe juu ya kioo cha dirisha. Ukiona mwanga unapita na kupotea chini yake, badilisha. Usiinyooshe kwa nyundo, kwani chuma kilichokwisha kupinda na kunyooshwa hupinda tena mapema, au hukatika. Angalia pia midomo ya fremu inayoishika ekseli: kama mmoja umepinda kwa kuanguka, utaipinda ekseli mpya siku ile ile utakapokaza nati.

Kuhusu mafuta ya injini yaliyotumika, kwa heshima zote kwa ndugu wa Busia, nisingeyashauri. Mafuta hayo yamebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na yakiingia ndani ya habu iliyojazwa grisi huiyeyusha na kuitoa nje. Zile habu za tundu zilitengenezwa zitumie mafuta mepesi safi, na mwenye nazo aendelee kuzitilia mara kwa mara. Habu ya grisi iachwe na grisi yake, ifunguliwe kila mwaka, na kwa anayevuka mito, kila baada ya masika.

Msafiri wa Busia

Mwalimu, nimekubali. Habu zetu zilikuwa za tundu, na pengine zilidumu kwa sababu tulizitilia kila wiki na si kwa sababu ya ubora wa mafuta yenyewe.

Mwanabaiskeli wa Kigamboni

Naomba kuongeza neno kwa wale wenye baiskeli za mtumba zenye gia, maana ushauri wa hapo juu una tofauti ndogo kwao. Kama gurudumu lako halina nati za nje bali lina kishikio cha kugeuza kwa mkono, ekseli yake ina tundu katikati, na kishikio kinapofungwa huibana ekseli hiyo ikafupika kwa kiasi kidogo sana. Habu uliyoiweka sawa mezani itabana ukishaifunga kwenye fremu. Acha ulegevu mdogo wa kusikika kwa vidole, kisha funga kishikio. Ulegevu ukipotea hapo hapo, umefika. Baadhi ya baiskeli hizo hazina koni kabisa, zina beringi zilizozibwa kiwandani. Hizo zikilegea hazirekebishwi, hubadilishwa.

Mkulima wa Kilombero

Nawashukuru sana ndugu zangu, na hasa fundi wa Tabora na mwalimu. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kurudi na jibu lenye ushahidi.

Nilifungua Jumapili baada ya ibada, juu ya sinia la kupepetea. Upande wa kushoto nilikuta gololi sita nzima, na vipande vya nyingine ambavyo sikuweza kuvihesabu, vimechanganyika na uji mweusi wenye mchanga. Upande wa friwili zilikuwa tisa zote, zimefifia lakini hazikupasuka. Washa ya kati ya koni na loknati haikuwepo kabisa, na loknati ilikuwa imeliwa pembe zake zote na tindo, imekuwa mviringo kama pete. Koni ya kushoto ilikuwa na makovu nusu ya mzunguko wake. Nilipopitisha kalamu kwenye mabakuli, niliogopa kidogo, lakini ilipita bila kukwama mahali popote, kushoto na kulia. Habu haikuwa imekufa.

Ekseli ndiyo iliyonishangaza. Kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa. Nilipoiviringisha kwenye kioo cha picha ya ukutani, mwanga ulikuwa ukitokea katikati kisha unapotea, kila mzunguko, jinsi mwalimu alivyoeleza. Nilinunua ekseli mpya ikiwa na koni zake, loknati na washa, pamoja na gololi na kopo dogo la grisi, na jumla yake haikufika robo ya fedha nilizokuwa nimeambiwa kwa habu na kusuka. Spana nilinolewa na kijana anayenoa majembe.

Mara ya kwanza nilifunga ikabana. Mara ya pili ikalegea. Mara ya tatu ilibana kidogo tu, nikatumia ile njia ya spana mbili za kugeuza koni kuelekea nje, na nilihisi mkononi kabisa jinsi ilivyoachia. Nilizungusha gurudumu nikakaa chini kulitazama. Lilipunguza mwendo, likasimama, likarudi nyuma, likabembea mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha mdomo wa kujazia upepo ukatulia chini kabisa. Mama alikuwa mlangoni, akaniuliza kwa nini ninacheka peke yangu.

Tangu siku hiyo nimebeba magunia kumi na moja hadi mashineni, mzigo nimeusogeza mbele ya keria, na madumu nimeyashusha pembeni. Baada ya wiki ya kwanza nilijaribu ringi tena kwa mkono na haikugonga. Wiki ya tatu bado haijagonga.

Nina swali moja lililobaki. Nataka kufungua gurudumu la mbele pia, ingawa halijalegea, kwa kuwa nalo limezama kwenye maji yale yale. Gololi zilizobaki kwenye pakiti niliyonunua zinaweza kutumika huko?

Fundi wa Ringi, Tabora

Hongera sana, ndugu mkulima. Hapana, usizitumie. Gololi za mbele ni ndogo, za 3/16 ya inchi, na kwa kawaida ni kumi kila upande. Za robo inchi zitakaa juu ya bakuli badala ya kuingia ndani yake, na koni haitafika mahali pake. Chukua moja ya zamani uende nayo dukani kama sampuli. Kwenye baiskeli nyingi za aina yako, koni ya mbele haina loknati. Ina bapa pande mbili zinazoingia kwenye mdomo wa uma, na uma wenyewe ndio unaoizuia isizunguke. Ukiikuta hivyo, rekebisha koni kwanza, ingiza bapa vizuri kwenye uma, ndipo ukaze nati ya nje. Na kabla ya kulirudisha, angalia koni ya kurekebishia isije ikawa kulia.

Zile gololi za robo inchi zipake grisi, uzifunge kwenye nailoni, uziweke mahali pakavu. Utazihitaji baada ya masika yajayo.